Ahadi niliyompa mjomba wangu kwa niaba ya mgombea

Mjomba wangu alifanya kazi korona, yaani kwenye kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, katika shamba moja huku Tanga, mpaka shamba likafungwa na wao wakaambiwa wasubiri mafao yao. Kadi yake ya kazi anayo hadi leo. Ameitia kwenye mfuko wa nailoni, akaukunja mara tatu na kuufunga kwa uzi wa mkonge. Kila nikienda kumsalimia huitoa, akaikagua kama haijaingia unyevu.

Mwaka mmoja wa uchaguzi nilimwambia aondoe wasiwasi. Mgombea wetu akishinda, nilimwambia, mafao yenu yatalipwa ndani ya mwaka. Chama changu sikitaji, kwa sababu haya nimeyaona kwa wafuasi wa kila chama, na ningependa kila mwenye kadi ya chama mfukoni ayasome bila kudhani nawasema wenzake.

Siku hizo nilikuwa kada hasa. Banda langu la baiskeli pale Ngamiani lilikuwa kijiwe. Mtu akija kuziba pancha, anaondoka na sera. Siku ya mkutano wa kampeni kwenye uwanja wa Tangamano nilifunga kazi saa sita mchana, nikasimama karibu kabisa na jukwaa, nikarekodi hotuba yote kwa simu.

Akashinda. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mjomba akawa ananiuliza, kwa upole tu, "Mjomba, wale watu wako wanasemaje?" Swali lile likaniuma mpaka usiku mmoja nikaitafuta ile rekodi, nia yangu niipeleke kwa wakubwa wa chama niwaonyeshe ushahidi. Nilisikiliza hotuba yote. Habari ya wafanyakazi wa mkonge ilikuwa sentensi moja: "Suala hili tunalifahamu na tutaliangalia." Watu wakashangilia, na ndani ya zile shangwe, karibu kabisa na simu, nikaisikia sauti yangu mimi ikipiga kelele: "Watalipwa! Watalipwa!"

Aliyemwahidi mjomba ni mimi. Mgombea hakuahidi.

Tangu hapo hotuba naiandika kwenye daftari, maneno yaleyale yaliyotamkwa, tena usiku uleule kabla kijiwe hakijaniongezea chumvi. Nawe fanya hivyo. Tazama kitenzi. "Tutaangalia", "tutahakikisha", "tutaweka mkakati" havina tarehe wala kiasi, na vinabeba chochote unachopenda kuvibebesha. Mwaka 2015 John Magufuli alisema elimu hadi kidato cha nne itatolewa bila ada, na Januari 2016 ada ikafutwa kweli. Ilikuwa ahadi unayoweza kuipima. Hata hivyo wapo wazazi walioisikia kama vile hawatatoa tena hata shilingi, na walipoombwa mchango wa chakula wakaona wamedanganywa. Kilichoahidiwa kilikuja, kilichokosekana ni kile walichojiongezea wenyewe.

Kuna na upande wa pili, nao unanisumbua zaidi: yale ambayo hatuulizi kabisa. Katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio halikuondolewa mpaka Januari 2023. Kwenye kampeni za 2015 sikumsikia mtu hapa mtaani akiuliza mgombea yeyote atawafanyaje wanaompinga akishaingia Ikulu. Tuliuliza barabara, maji, bandari. Mwangalie kiongozi wako anavyomjibu mwanachama mwenzake anayetofautiana naye leo, akiwa bado anahitaji kura zenu. Akimfukuza kikaoni sasa, usijipe moyo kwamba madaraka yatamlainisha.

Halafu jiulize jambo lenyewe liko mikononi mwa nani. Hapa Tanga tumeshakaa sana tukisema fulani akiingia mkonge utarudi kama zamani. Miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka kwenye soko la dunia, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Rais anaweza kutoa miche, anaweza kugawa mashamba kwa wakulima wadogo, na ni mambo ya maana. Bei ya dunia haipangwi Dodoma. Diwani naye hata mkurugenzi wa halmashauri hamteui yeye. Huteuliwa na Rais. Mbunge anaweza kusema bungeni mpaka sauti ikauke, lakini kama fungu halimo kwenye bajeti inayopitishwa mwezi Juni, Julai mosi mwaka wa fedha unaanza bila jambo lenu. Ukiyajua haya hutapunguza mapenzi na chama chako, ila utajua umsumbue nani na mwezi gani.

Na usimgeuze kiongozi kila hali inapogeuka. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba tata wa umeme wa dharura. Julai 2015 akahama CCM, chama tawala, akaingia CHADEMA ya upinzani, na nilishuhudia, ndani ya wiki moja, waliokuwa wakimwita fisadi wakimwita mkombozi, na waliokuwa wakimtetea wakimwita fisadi. Machi 2019 akarudi CCM na maneno yakabadilishana viti tena. Mtu alikuwa yuleyule. Marafiki wawili waliokuwa wakinywa kahawa benchi moja barazani kwetu waliacha kusalimiana kwa ajili yake, na mmoja ameshazikwa bila wao kupatana. Hilo linanitia huzuni kuliko matokeo ya uchaguzi wowote.

Mimi nilikwenda kwa mjomba na ile simu. Nikampa shikamoo, nikamsikilizisha sentensi ile pamoja na kelele zangu. Akaitaka tena mara ya pili, akasogeza sikio. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa wewe, mjomba." Hakunigombeza. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kama amewahi kuandika barua kudai haki yake, akasema hapana, tangu walipoambiwa wasubiri yeye alikuwa anasubiri.

Tukaiandika palepale, yeye akisoma namba iliyo kwenye kadi, mimi nikinakili. Tulipoipeleka walitaka hati ya malipo ya mwisho ya mshahara. Tumeshaipata kwa mwenzake waliyefanya naye kazi, aliyekuwa akizitunza zake na za wenzake kwenye sanduku. Jumatatu tunairudisha. Mjomba ameniambia nifike mapema, baiskeli yake haina breki ya nyuma.