Ukitaka programu ya Haskell isiyotegemea kitu kwenye seva, anzia Alpine

Mtu akikwambia programu ya Haskell ni faili moja tu, unalinakili kwenye seva na kazi imeisha, mwombe akuonyeshe majibu ya `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazitafuta nje. Ni kweli GHC, kompaila ya Haskell, huziingiza maktaba za Haskell ndani ya faili. Lakini libc (maktaba ya msingi ya C), libm (ya hisabati) na libgmp, ile inayobeba hesabu za `Integer`, zinabaki nje na hutafutwa programu inapowashwa.

Mimi huandika zana ndogondogo kwa wateja wenye seva za zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Ukikompaili kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35 (glibc ndiyo libc ya Ubuntu), kisha ukapeleka faili kwenye 20.04, yenye 2.31, utapokelewa na `version 'GLIBC_2.34' not found`. Kodi ya programu yako haijatumia jambo lolote jipya. Ni kwamba toleo la 2.34, la mwaka 2021, liligusa hata namna programu inavyoanzishwa, basi kila kinachokompailiwa juu yake kinalidai.

Hapo wengi hukimbilia kuongeza `-optl-static`, bendera inayoagiza maktaba zote ziingizwe ndani ya faili, kwenye mashine ileile. Usifanye hivyo. Faili litatoka, ila kiunganishi (linker) kitakuonya kuhusu `getaddrinfo`, kazi ya libc ya kutafuta majina ya mtandao, na onyo hilo lichukulie kama kosa. Glibc hutafuta majina ya mtandao kwa kupakia maktaba nyingine programu ikiwa tayari inaendeshwa, kwa hiyo faili lako lililojitosheleza bado litataka glibc ya toleo lilelile kule liendako. Programu isiyogusa mtandao huenda ikasalimika.

Dawa ni kubadili libc yenyewe, utumie musl, ambayo ndiyo libc ya Alpine Linux. Washa kontena la Alpine (kwa Docker, kwa mfano), weka GHC kwa kisakinishi chake GHCup, ongeza `gcc`, `musl-dev`, `gmp-dev` na `zlib-static`, halafu:

`cabal build --enable-executable-static`

Ukiona `cannot find -lz`, jua `.so` (maktaba inayobaki nje) ipo lakini `.a` (inayoingizwa ndani ya faili) haipo. Kwenye Alpine, `.a` mara nyingi huwekwa kwenye pakiti ya peke yake yenye mkia `-static`. Ukimaliza, pitisha `file` juu ya matokeo uone kama limeandika `statically linked`.

Usipeleke kwa mteja bado. Lijaribu kwanza kwenye kontena tupu la `FROM scratch`, kwa sababu kuna vitu ambavyo si maktaba na hakuna bendera ya kompaila itakayovibeba. HTTPS itagoma kwa kukosa vyeti vya `/etc/ssl/certs`. Saa nayo: hata ukiweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, bila faili za tzdata (data za kanda za saa) musl inarudi UTC kimyakimya, na ripoti zako zote zinakuwa nyuma kwa saa 3. Hili la saa ndilo baya zaidi, maana halitoi kosa lolote.

Jaribu pia kuiendesha ukiwa umeweka `LC_ALL=C`, mpangilio usiojua herufi zaidi ya zile za msingi za ASCII, kama seva nyingi za zamani zilivyo. Chapisha neno "ng’ombe" lenye kile kiapostrofi kilichopinda kinachowekwa na Word, na programu itakufa na `commitBuffer: invalid argument`. Weka `setLocaleEncoding utf8` mwanzoni kabisa mwa `main`, kabla hujachapisha chochote.

Utasikia kwamba musl ni nzito kwenye kugawa kumbukumbu. Ni kweli, hasa nyuzi (threads) zikiwa nyingi, lakini GHC hujisimamia kumbukumbu yake yenyewe, kwa hiyo uzito huo utauona zaidi ukiwa unaita maktaba za C kwa wingi. Kwenye macOS usijisumbue: Apple haitoi libc ya kuunganishwa kwa namna hii.

Na kama unauza programu bila kutoa kodi yake (source code), isome leseni ya GMP, ile libgmp, kabla ya kusaini mkataba. Ni LGPL, leseni ya programu huria, na ukiiingiza ndani ya faili lako unatakiwa kumwezesha mteja aunganishe upya kwa GMP yake akitaka. Tangu GHC 9.0 inawezekana kujenga kompaila yenyewe bila GMP, kwa ghc-bignum, maktaba ya namba kubwa, iliyoandikwa kwa Haskell tupu. Namba kubwa zitakwenda polepole, lakini zana ya kusoma CSV haina shida na hilo.