Kioo cha pembeni kikicheza, weka gundi kando kwanza

Kioo cha pembeni kikianza kucheza, wengi hukimbilia gundi. Nimeshafungua vioo vya gari langu na vya jamaa zangu kadhaa, na vilivyonipa kazi kubwa ni vile vilivyokuwa vimeshapakwa gundi: plastiki inakatika kabla gundi haijaachia. Tena kioo hicho kimeundwa kikunjike kikigongwa. Ukikigandisha, siku kikimgusa mpita njia hakitarudi nyuma, kitamuumiza.

Kabla ya kushika spana, tafuta panapocheza. Tikisa kava, yaani ganda linalobeba kioo, polepole kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili ukikiweka pale kitako kinapokutana na mlango. Kitako kikisogea, nati zimelegea. Kitako kikitulia lakini kava linayumba, tatizo ni kiungo cha kukunjia. Na kama kava lote limetulia ila kioo chenyewe kinatetemeka, kimeachia klipu au kimebanduka kwenye bamba lake la nyuma.

Kiungo cha kukunjia ndicho kinachowatisha watu bure. Kioo kinachojikunja kwa umeme kikigongwa huweza kutoka kwenye meno yake, kikaning'inia kama kimevunjika, kumbe ni kizima. Bonyeza kitufe kikunjike na kufunguka mara kadhaa mpaka usikie mlio wa kujifunga. Cha kukunjwa kwa mkono, kikunje mpaka mwisho kisha kirudishe. Kisiposhika, springi ya ndani imechoka au plastiki imepasuka. Mimi hapo sihangaiki, natafuta kioo kizima kingine.

Nati zinataka utulivu zaidi. Fungua mlango, tazama kwa ndani kwenye kona ya mbele ya dirisha: magari mengi yana kipande cha plastiki cha pembetatu, kimeshikwa na klipu, pengine na skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo. Kibandue kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa. Nyuma yake kuna nati au bolti, mara nyingi tatu, na spana namba 10 huzitosha nyingi. Usiziguse bado. Ziba kwanza uwazi wa mlango kwa kitambaa, maana nati ikitumbukia humo utabandua kava zima la mlango kuitafuta. Kama gari lako halina hiyo pembetatu na kioo kimefungwa kwenye bati la mlango, kava la mlango itabidi litoke tu. Chomoa waya wa hasi wa betri kabla ya kuanza, kwa kuwa baadhi ya milango ina vihisi vya mifuko ya hewa.

Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, mtu akikushikia kioo kwa nje. Usikaze kwa hasira, meno yakiliwa kwenye kitako hakuna tena cha kukaza. Tazama na mpira ulio kati ya kitako na mlango: ukikaa vibaya, upepo utapiga kelele na mvua itapita. Gundi pekee ninayoikubali hapa ni ile ya kuzuia nati isilegee, ya aina inayofunguka kwa spana ya kawaida, tone moja tu kwenye meno. Isiguse plastiki, kwani baadhi ya plastiki hupasuka kwa ajili yake.

Kioo kilichoachia klipu, kisukume kwa kiganja bapa, katikati, mpaka klipu zilie. Vaa glavu na ukibandike tepu usoni, kisije kikakuvunjikia mkononi. Kama kimebanduka kwenye bamba, kwangua gundi kuukuu, pangusa kwa spiriti, kisha tumia tepu ya pande mbili ya vioo au silikoni, na ukiache kimefungwa kwa tepu mpaka kesho yake. Ukiona waya mbili nyembamba nyuma yake, ni za kukipasha joto, usizivute.

Ukimaliza, kaa kama unavyokaa ukiendesha, urekebishe kioo upya, kisha utoke barabarani. Taa za gari la nyuma zionekane zimetulia hata kwenye mwendo wa kasi. Baada ya siku chache za barabara mbovu, pima tena nati. Kioo chenye kamera nakuachia umpelekee fundi mwenye vifaa vyake, kwa sababu kikishafunguliwa kamera huenda ikahitaji kupangwa upya.