Kutoka Mchezaji hadi Kocha Mkuu: Kwa Kijana Anayeanza Kufundisha Futiboli ya Kimarekani

Kila msimu unapomalizika hapa Minnesota, ninapofundisha vijana wa sekondari, hunijia wachezaji waliovua helmeti kwa mara ya mwisho wakiomba nafasi ya ukocha, na wengi wao huamini kwamba anayejua kucheza tayari anajua kufundisha. Hizo ni kazi mbili tofauti. Ndiyo maana huwaomba wachunguze kwa makini maisha ya kazi ya Tony Dungy, ambaye mwaka 2007 alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa futiboli ya Kimarekani.

Dungy, aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji wa Jackson, Michigan, alichezea Chuo Kikuu cha Minnesota akiwa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mwaka 1977 hakuna klabu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliyomteua katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wanaotoka vyuoni, na Pittsburgh Steelers walipomsajili walimhamishia kwenye ulinzi, nyuma kabisa. Mwaka uliofuata alinasa pasi 6 za wapinzani, nyingi kuliko mwenzake yeyote kikosini, na Steelers wakawa mabingwa. Hata hivyo kufikia mwaka 1980 uchezaji wake ulikuwa umekwisha. Kwa maoni yangu, kuhamishwa huko ndiko kulikomjenga kuwa kocha, kwa sababu alijifunza kumzuia mrushaji ambaye fikra zake alikuwa akizijua tangu ujana wake. Nawe, kabla hujaomba kazi, kaa chini utazame video za mechi zako za zamani, ukimfuatilia kila mchezaji isipokuwa wewe mwenyewe, mpaka uweze kueleza kwa nini kila mmoja alisimama pale aliposimama.

Baada ya hapo jiandae kusubiri. Dungy alirudi Pittsburgh mwaka 1981 kama kocha msaidizi chini ya Chuck Noll, ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji wa Cleveland Browns, na kufikia mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa mratibu wa ulinzi, yaani kocha msaidizi anayesimamia ulinzi wote. Msimu wa 1988 ulipokwenda vibaya aliondoka, akaenda Kansas City kufundisha mabeki wa nyuma tu, cheo cha chini kuliko kile alichokiacha, na baadaye akawa mratibu wa ulinzi wa Minnesota Vikings kuanzia mwaka 1992 hadi 1995. Ni lazima niseme wazi kwamba mlango ulikuwa mwembamba zaidi kwa watu weusi: Art Shell, aliyepewa timu ya Raiders mwaka 1989, ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika enzi ya sasa ya ligi hiyo. Mtu anayekataa kazi ndogo kwa kuona kwamba imelishusha jina lake hunisikitisha sana, kwa kuwa kwenye kazi ndogo ndipo unapopata muda wa kumfundisha mchezaji mmoja hatua zake za miguu hadi zikamkaa.

Tampa Bay Buccaneers walipompa Dungy kazi ya kocha mkuu mwaka 1996, alipoteza mechi 5 za mwanzo. Kocha mgeni akifikwa na hali kama hiyo hushawishika kubadili mfumo kila wiki, na wachezaji wake huishia kutojua lolote kwa uhakika. Dungy alishikilia mfumo wake wa ulinzi, ambao mizizi yake ilikuwa Pittsburgh na ambao baadaye ulijulikana kama Tampa 2: mabeki wawili wa nyuma hugawana eneo la mbali, na mlinzi wa katikati hurudi kuziba pengo lililo kati yao. Mambo yalikuwa machache, yakarudiwa bila kuchoka, tena kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kufoka. Mwaka 1997 timu ilishinda mechi 10 na kufika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1982.

Alifukuzwa Januari 2002, ingawa alikuwa ameifikisha timu hatua hiyo misimu mitatu mfululizo, na msimu uliofuata Tampa ikawa bingwa chini ya kocha mwingine, ikiwa na wachezaji wengi aliowalea yeye. Yeye alikuwa tayari Indianapolis Colts, akifundisha kwa namna ileile. Januari 2007 timu yake ilikuwa nyuma kwa 21–3 dhidi ya New England Patriots, ikashinda 38–34. Wiki mbili baadaye, katika Super Bowl jijini Miami, ikaishinda Chicago Bears 29–17. Kocha wa Bears siku hiyo, Lovie Smith, alikuwa msaidizi wa Dungy kule Tampa, kama alivyokuwa Mike Tomlin, ambaye baadaye aliipa Pittsburgh ubingwa. Basi siku utakapopewa msaidizi, hata akiwa mmoja tu, usimwachie kazi ya kupanga koni uwanjani peke yake. Mpe sehemu ya mazoezi aiongoze, mweleze kwa nini umepanga wiki namna hiyo, na ukae naye baada ya mechi mtazame video pamoja.