Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujatia Sahihi Mahakama ya Afya ya Akili

SWALI: Tuko Minneapolis. Kijana wangu ana miaka 24 na daktari alishasema ana bipola. Alikamatwa kwa kurudi kwenye duka alilopigwa marufuku. Wakili aliyepewa na mahakama anataka kesi ihamishiwe mahakama ya afya ya akili ili asifungwe, na ananiomba nimsihi atie sahihi wiki hii. Sisi si raia, tuna grinikadi. Nifanye nini? — Mama wa watatu

JIBU: Pole sana, mama. Asitie sahihi mpaka wakili ajibu swali moja: ili aingie, ni lazima akiri kosa?

Mahakama hizi, zinazompa mshtakiwa matibabu chini ya uangalizi wa jaji badala ya kifungo, zilianzia kaunti ya Broward, Florida, mwaka 1997. Leo zimepita 300 Marekani nzima, na kila moja ina utaratibu wake. Kuna zinazosimamisha mashtaka tu, mtu akimaliza matibabu yanafutwa. Nyingine zinamtaka akiri kwanza, hukumu iwekwe kando, kisha kesi ifutwe mwishoni. Kwa raia tofauti hiyo haina hatari ya uhamiaji, ila mwenye grinikadi inaweza kumgharimu haki yake ya kuishi Marekani. Sheria ya uhamiaji humhesabu mtu kuwa ametiwa hatiani akishakiri na jaji akampa adhabu au masharti ya kumbana, hata kama jimbo limekuja kufuta kesi baadaye. Si kila kosa linamfukuzisha mtu nchini, na ndiyo maana aina ya kosa lazima ichunguzwe. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Akisema hana uhakika, mwombeni aulize wakili wa uhamiaji kabla ya tarehe ya kesi.

Ulizeni pia muda. Kosa dogo ambalo lingeisha kwa faini au siku chache mahabusu linaweza kumweka chini ya masharti mwaka mmodi, pengine miwili. Hatusemi akatae. Anayehitaji daktari, dawa na mahali pa kulala mara nyingi huvipata haraka zaidi kwa njia hii. Ila achague akijua anachokichagua. Watafiti waliowahoji washiriki wa mahakama hizi za Brooklyn, New York, na kaunti ya Washoe, Nevada, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona kuwa wengi walisema wameingia kwa kupenda, lakini wengi haohao hawakuwa wameambiwa kwamba wana haki ya kukataa, wala hawakuelezwa masharti mapema.

Jambo la mwisho: amepita miaka 18, kwa hiyo kwa kawaida kliniki haitakueleza habari za matibabu yake bila ruhusa yake. Wewe hakuna anayekuzuia kuwaeleza wao unachokiona nyumbani.

SWALI: Niko mwezi wa nne katika mahakama ya afya ya akili. Nimekosa miadi miwili kwa sababu dawa inanilaza mpaka saa tano asubuhi. Kikao ni Alhamisi. Nikisema ukweli nitawekwa ndani?

JIBU: Ndugu yetu, usingoje Alhamisi. Kwa kawaida, kabla ya wewe kuingia ukumbini, jaji, mwendesha mashtaka, wakili wako, afisa wa uangalizi na msimamizi wako wa matibabu huwa wameshakaa kikao chao na kusoma ripoti. Miadi uliyokosa wameiona. Wasichokiona ni sababu, na bila sababu ripoti inasomeka kwamba umepuuza.

Mpigie msimamizi wako leo. Asipopokea, acha ujumbe wenye tarehe. Mtajie jina la dawa, miligramu, saa unayomeza na saa unayoamka. "Dawa inanichosha" haimsaidii daktari. "Nameza saa nne usiku, naamka saa tano, miadi ni saa tatu" inamwonyesha pa kurekebisha: unaweza kumeza mapema, dozi ikapunguzwa, ukabadilishiwa dawa, au miadi ikasogezwa mchana. Usiache dawa mwenyewe. Ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi, na rekodi ya duka la dawa itaonyesha hukuchukua.

Adhabu kwa kawaida hupanda ngazi: onyo, kuitwa mahakamani mara nyingi zaidi, kuandika maelezo, kazi za jamii, halafu siku chache ndani. Hatuwezi kukuahidi jaji wako ataamua nini. Tunachokijua ni kwamba anayetoweka hutolewa hati ya kukamatwa, na anayefika na tatizo pamoja na njia ya kulitatua husikilizwa vizuri zaidi. Wakieleza walichopitia, washiriki wengi wanamtaja jaji aliyewaita kwa jina, akawauliza, akasubiri jibu. Wanataja pia uchovu wa vipimo vya mkojo, mabasi na miadi isiyokwisha. Huo mzigo ni wa kweli, nawe una haki ya kuusema pale mbele.

SWALI: Mama yetu, aliye kwenye mahakama hii, ametoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Mkalimani wa mahakama anazungumza Kiswahili cha Mombasa, mama anaitikia tu. Naweza kumtafsiria mimi?

JIBU: Hapana, dada. Mama hatasema mbele ya mwanawe kama anasikia sauti usiku. Mahakama inayopokea fedha za shirikisho inapaswa kumpa mkalimani anayemwelewa, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwandikie karani mapema, utaje wazi "Kiswahili cha Kongo", na umjulishe wakili. Mfundishe mama kuinua mkono na kusema "sijaelewa", maana kila "ndiyo" yake inaandikwa kuwa amekubali. Na miadi iandikwe kwa tarakimu, 9:00, kwa kuwa "saa tatu" ikipita midomo miwili inaweza kumfikisha kliniki alasiri, mlango umeshafungwa.