Michango ya Kazini na Shuleni: Je, Mtu Anaweza Kulazimishwa Kutoa?

Swali: Mshauri, mimi ni karani katika kiwanda kimoja hapa Nakuru. Kamati yetu ya ustawi imeamua kuisaidia shule ya msingi ya jirani yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, ambao hawana vyoo vinavyoweza kuingilika kwa kiti cha magurudumu. Meneja amependekeza kila mfanyakazi akatwe shilingi 500 kwa mwezi kwa miezi mitatu, na orodha ya waliotoa ibandikwe ubaoni. Wakati huohuo binti yangu wa kidato cha pili ameleta nyumbani kadi ya mchango wa vyoo hivyohivyo, na anasema asiyeijaza hatakwenda kwenye hafla ya kukabidhi fedha. Sipingi watoto hao wasaidiwe, ila naona mfuko wangu mmoja unachotwa mara mbili. Nifanye nini bila kuonekana mchoyo?
*Mama wa Lanet*

Jibu: Mama, huna uchoyo wowote, na singependa hofu hiyo ikunyamazishe katika kikao kijacho cha kamati. Anza na suala la mshahara, kwa kuwa hapo sheria iko wazi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, na fedha ambazo yeye mwenyewe hana faida nazo hukatwa pale tu mfanyakazi anapoomba kwa maandishi. Uamuzi wa kamati, hata ukipigiwa makofi, hauwezi kuchukua nafasi ya sahihi ya kila mmoja wenu. Kifungu hichohicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, na bila shaka unawajua wenzako ambao mikopo ya chama cha akiba imekwisha kuwasogeza karibu na mpaka huo.

Orodha ya ubaoni inanitia wasiwasi zaidi kuliko makato. Kibarua akiona jina la meneja limeandikiwa shilingi 10,000 na lake shilingi 50, ama hatatoa tena, ama atakopa ili atoe. Taifa letu limeyapitia haya. Harambee, ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya wito wa nchi nzima mwaka 1963 na ambayo ilitujengea shule na zahanati nyingi, ilifika mahali wakubwa wakawashinikiza walio chini yao, hata Bunge likapitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma mwaka 2003 na kuwakataza maafisa kuchangisha ofisini au kutumia vyeo vyao kuwabana watu. Kiwanda chenu si ofisi ya umma, lakini meneja anayejua nani hakutoa ana uzito uleule. Bandikeni jumla iliyopatikana na jinsi inavyotumika. Majina yabaki katika daftari la mweka hazina. Ukame ulipoikumba Turkana na kaskazini mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipokea fedha kwa simu, kila mtu akatuma alichoweza pasipo jirani kujua ni kiasi gani, nayo ikavuka lengo lake la shilingi milioni 500.

Fedha zenu pia zipite kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mzazi kutoka kitengo hicho, wala zisitumwe kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani.

Kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa. Kiwandani mna mafundi. Choo cha mtoto anayetumia kiti cha magurudumu kinahitaji mlango mpana, vyuma vya kujishikilia ukutani, na njia ya mteremko badala ya ngazi; kwa kipimo kinachotumika sana, kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 30 kitadai mteremko wa mita 3.6. Mchomeleaji anayetoa Jumamosi yake kutengeneza vyuma hivyo ametoa mchango kamili, na asidaiwe shilingi 500 juu yake.

Kuhusu binti yako, kadi ile inachangisha wazazi, si wanafunzi. Mwandikie mwalimu mkuu kwa heshima, umweleze kwamba tayari unachangia kazini, kisha upendekeze wanafunzi wafanye kazi yao wenyewe: waoshe magari ya wafanyakazi wa kiwanda, au kwaya yao iimbe kwa kiingilio kidogo. Wasitumwe na makopo kwenye steji za matatu, kwa kuwa ni hatari, na kuchangisha umma barabarani kunahitaji kibali. Utaratibu wake uulizwe kwanza katika ofisi ya chifu. Kumfungia mtoto hafla kwa sababu mzazi wake hakuwa na fedha ni kumwadhibu kwa umaskini, na hilo liseme bila kusita.

Tena, katika hafla hiyo watoto wenye ulemavu wasipangwe mstari kupigwa picha na hundi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Afadhali wazazi wao waalikwe mapema, kabla zege halijamwagwa, waje na viti vyenyewe na kuvipitisha kwenye alama za mlango zilizochorwa ardhini.