Upinde mkono wa kushoto: ni kosa la mchoraji?

SWALI: Shangazi aliniachia picha ya mwanamke anayepiga fidla, ya wino mweusi. Fundi fremu anasema ni litografia. Mimi mwenyewe napiga fidla kwenye kikundi cha taarab, na nashangaa: mwanamke huyu ameshika upinde kwa mkono wa kushoto. Mchoraji hakuijua fidla, au picha ni bandia?

JIBU: Pole kwa kuondokewa na shangazi. Mchoraji usimhukumu bado. Litografia huchorwa kwa krayoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa, kisha hupitishiwa rola ya wino. Wino hung'ang'ania palipo na mafuta na kukataa palipo na maji. Karatasi ikishindiliwa juu yake, kulia kunakuwa kushoto, kama muhuri. Aliyechora alivyoona, bila kugeuza, lazima apate mpigaji wa shoto.

Tazama sahihi iliyomo ndani ya mchoro. Ikisomeka kinyume, basi hakujali kugeuza chochote. Wengine huchora kwanza kwenye karatasi maalumu na kuihamishia jiweni. Hapo picha hugeuka mara mbili na kurudi ilivyokuwa.

Kuhusu bandia, tafuta lenzi ya kukuza mara 10. Krayoni huacha chembe zisizo na mpangilio, kama chaki kwenye ukuta wa chokaa. Ukiona vitone vimejipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine. Kukosa namba ya penseli pembeni, ile ya kuhesabu nakala, si hoja. Litografia nyingi za zamani hazina.

Ukimaliza ya lenzi, itazame kama picha. Kwa mfano, mwaka 1903 mchoraji Edvard Munch wa Norwei alimchora jiweni mpiga fidla Mwingereza, Eva Mudocci, akiwa na mpiga piano Bella Edwards. Mimi lakini huvutwa zaidi na picha yake nyingine ya Eva, ile yenye pambo kubwa lililobanwa kifuani. Fidla haimo kabisa. Nywele ndizo zinazoteremka mabegani, mstari juu ya mstari, na krayoni inaonekana ilivyoburuzwa.

Litografia yako ipige picha kwa simu, kisha uigeuze kushoto kulia. Utaona kilichokuwa juu ya jiwe. Angalia vidole kwenye nyuzi na kifundo cha mkono wa upinde: kwa hilo, jicho lako wewe mpigaji linanishinda.