Geuza Jani Kwanza, Ndipo Upige Picha

Kwenye kundi letu la wakulima wa bustani za nyumbani, tuliopo hapa Mwanza mjini na wenzetu wa Ukerewe na Misungwi, picha huanza kuingia watu wakiwa bado wanachemsha chai. Nyanya zimeiva. Mafungu ya chainizi yamepangwa kwenye ungo. Mchicha umejaa kwenye viroba vilivyoegeshwa jabalini. Nazipenda picha hizo na naomba zisikome, maana mtu aliyelima kati ya mawe ya Mabatini au Igogo, akabeba udongo kwa ndoo na akavuna, ana haki ya kuonyesha. Ila zilizonifundisha kulima ni picha za namna nyingine: jani lililogeuzwa, shina lililokatwa, udongo uliofinywa kiganjani. Ukituma picha kwa wakulima wenzako, tuma ile wanayoweza kuifanyia kazi.

Tuseme mtu amepiga picha ya mche wa nyanya akiwa amesimama, jua la saa saba, halafu ameandika, "Msaada jamani." Majibu yanamiminika. Huyu anasema ukungu, yule anasema umezidisha maji, mwingine anataja dawa ya dukani na kipimo chake kabisa. Wote wana nia njema, lakini picha haikuwapa pa kushika, kwa hiyo kila mmoja amejibu ugonjwa wa bustani yake mwenyewe. Mwenye nyanya akifuata ushauri wote, hela inakwenda na mboga ya watoto inanyunyiziwa sumu bila sababu.

Mche wenye shida unahitaji picha tatu. Ya kwanza ni ya mche mzima pamoja na majirani zake, tujue kama unaumwa peke yake au ni tuta zima. Ya pili ni jani lenye dalili, kwa karibu. Ya tatu ni upande wa chini wa jani hilohilo, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi ingawa mara nyingi ndiyo yenye jibu. Nzi weupe, vidukari na utitiri mwekundu hupenda kukaa huko. Dada mmoja wa Buhongwa alikuwa na bilinganya zenye majani yaliyopauka, akashauriwa mbolea mpaka akachoka. Mzee mmoja wa kundi, bwana shamba mstaafu ambaye sote tunamwamkia kabla ya kumuuliza lolote, akamwandikia maneno machache tu: "Mwanangu, geuza jani." Alipogeuza tukaona utando mwembamba. Utitiri ni mdogo mno na simu nyingi haziuoni, kwa hiyo mzee akamwelekeza aweke karatasi nyeupe chini ya jani, aligonge kwa kidole, kisha achukue video fupi ya karatasi. Vinukta vikaonekana vikitembea. Kiangazi cha kuanzia Juni, hewa ikikauka, utitiri huongezeka sana, na njia hiyo ya karatasi imewasaidia wengi.

Kwa nyanya kuna picha moja ninayoiomba kila mara: jani lililoinuliwa kuelekea mwanga, kamera ikiwa upande wa pili. Kantangaze, yule nondo aliyetokea Amerika ya Kusini na kuonekana nchini kwetu mwaka 2014, kiwavi wake hula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili. Ukiliweka jani mbele ya mwanga utaona baka pana linalopenyeza mwanga, uchafu mweusi ndani yake, na mara nyingine kiwavi mwenyewe. Ukiona badala yake mstari mwembamba unaojipindapinda bila kupanuka kuwa baka, huyo ni mdudu mwingine anayechora majani, na kwa kawaida madhara yake ni madogo kuliko ya kantangaze. Picha iliyopigwa kwa juu inaweza kuficha tofauti hiyo. Iliyopigwa dhidi ya mwanga inaionyesha wazi.

Kunyauka kunataka uangalifu wa saa. Mawe yetu yanashika joto, na maboga yaliyopandwa karibu nayo hulaza majani mchana hata kama hayana ugonjwa wowote. Jioni yanainuka. Picha ya mchana ya mmea ulionyauka haituambii kitu. Nenda asubuhi mapema. Kama mmea umelala hata wakati huo na udongo una unyevu, shida ipo kwenye mizizi au shina. Nyanya inayonyauka ghafla ingali kijani inatia shaka ya mnyauko bakteria, na hapa simu inasaidia sana. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie kikiwa kimening'inia ndani ya glasi ya maji safi, nyuma yake weka kitambaa cheusi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, piga picha hiyo na uitume haraka. Majirani zako wa chini ya mlima wanaihitaji kuliko wewe, kwa sababu bakteria hao husafiri na maji yanayotiririka na udongo unaoganda kwenye jembe. Ng'oa mche huo, usiutupe kwenye mboji, osha jembe, na mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala mnafu, maana zote ni ukoo mmoja na zinaugua pamoja. Panda mahindi au mchicha.

Sasa mwanga. Mwanza ipo takribani nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana linapiga kutoka utosini karibu mwaka mzima. Majani yanameta meupe juu na kuwa meusi chini, na rangi ya kweli inapotea. Mimi napiga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Muda huo upepo wa kutoka ziwani bado haujaanza kuvuma, maana huanza nchi kavu ikishapata joto, na jani lililotulia ndilo linalotoa picha kali. Pia piga kabla ya kumwagilia, kwa kuwa matone yanaficha madoa. Futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga, gusa jani kwenye skrini ili kamera ililenge, na usikaribie kupita kiasi. Kama bustani yako ina kivuli cha neti ya kijani au turubai la bluu, toa jani nje ya kivuli hicho, na weka karatasi nyeupe pembeni yake ndani ya picha. Anayetazama ataipima rangi kwa ile karatasi. Programu za kurembesha picha ziache kwa ajili ya harusi.

Nasisitiza rangi kwa sababu manjano ya chini na manjano ya juu ni habari mbili tofauti. Majani ya zamani, ya chini, yakianza kugeuka manjano huku mche umedumaa, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, na samadi iliyoiva vizuri itasaidia. Majani machanga ya juu yakiwa manjano lakini mishipa imebaki kijani, hapo fikiria madini ya chuma. Na nyanya inayooza kitako, ikawa na baka jeusi lililobonyea upande wa chini, usiikimbilie na dawa ya ukungu. Ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi chanzo chake ni maji ya leo mengi, kesho hakuna. Kwenye viroba jambo hili ni la kawaida kwa sababu udongo mdogo hukauka upesi.

Udongo nao upigwe picha. Sehemu kubwa ya vilima vyetu ina kichanga kilichotokana na mawe haya, ule udongo ambao Wasukuma wanauita luseni, unaopitisha maji haraka na kuondoka na rutuba. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Ushauri unaofaa kwa mmoja unaweza kuharibu mwingine. Chukua udongo wenye unyevu, ufinye, fungua kiganja, piga picha. Ukimomonyoka tutajua, ukibaki donge tutajua.

Chini ya picha andika unapolima, aina ya mbegu kama unaijua (nyanya za Tanya na za Tengeru 97 hazifanani tabia), umri wa mche tangu uhamishwe kitaluni, unamwagilia mara ngapi, umeweka mbolea gani na umenyunyizia nini. Hilo la mwisho usilifiche hata kidogo. Kuna watu wanaona aibu kusema walitia mbolea mbichi ya kuku, na bila taarifa hiyo hakuna atakayeelewa kwa nini kingo za majani zimeungua. Kwa ukubwa, weka sarafu ya shilingi 200 au kiberiti kando ya mdudu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Zima taarifa za mahali kwenye mipangilio ya kamera, hasa ukipenda kutuma picha kama dokumenti ili isipungue ubora, kwa sababu taarifa hizo huenda nayo. Geti, namba ya nyumba na sura za watoto visiwemo. Bustani ya mtu mwingine iombee ruhusa hata kama umeiona kwa juu ya ua.

Wewe unayejibu una wajibu pia. Kama picha haitoshi, omba nyingine kabla ya kutaja dawa. Sema, "Kaka, tuonyeshe shina na chini ya jani." Kwa muhogo, ambao wengi tunao pembeni kwa ajili ya kisamvu, kuna programu ya simu iitwayo Nuru, ya PlantVillage, inayotambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwa kamera hata pasipo intaneti. Hata hiyo hufanya vizuri zaidi ikionyeshwa majani kadhaa ya mmea mmoja. Sembuse sisi? Na dawa yenye sumu kali isipendekezwe kwa kuangalia picha peke yake. Afisa ugani wa kata afike aone kwa macho.

Kitu ambacho kundi letu bado linakikosa, nami naking'ang'ania, ni picha ya baadaye. Mtu anauliza, anajibiwa, halafu kimya. Hatujui mwarobaini ulifanya kazi au haukufanya, wala kama matandazo ya nyasi yalipunguza kuoza kitako. Funga kitambaa kwenye mche ulioulizia, na baada ya wiki mbili piga picha ukiwa umesimama palepale, saa ileile, uiweke chini ya ile ya kwanza. Ushauri ukishindwa, tuma vilevile. Mwenzako wa Nansio anaweza kuwa anajiandaa kuufuata. Na kama bado hujaanza kupanda kwa ajili ya masika ya Machi, piga picha ya tuta lako likiwa tupu, uandike tarehe. Hiyo ndiyo nitakayokuomba kwanza siku utakaponiuliza kwa nini sukuma wiki yako imedumaa.